Kubadilisha pistoni si kukarabati injini

Leo naomba tuweke programu kando kidogo, ingawa mkisoma hadi mwisho mtaona hatukwenda mbali sana na kazi yetu ya kila siku. Nataka tuzungumzie injini ndogo ya pikipiki, ile ya tustroki, na kwa nini naamini mtu mwenye subira anaweza kuikarabati nyumbani kwake, tena vizuri kuliko inavyokarabatiwa pale kando ya barabara.

Maoni yangu ni haya, nayaweka mapema ili asiye na muda aende zake: injini ya tustroki haiui pistoni bila sababu. Ukibadilisha pistoni bila kuitafuta sababu hiyo, hujakarabati chochote. Umeinunulia injini kitu kingine cha kuua.

Najua wengi watasema tustroki zimepitwa na wakati. Ni kweli. Boda boda zote unazoziona mtaani leo karibu ni fostroki, na sasa za umeme nazo zinaingia kwa kasi. Lakini nenda mashambani. Utakuta Yamaha AG100 iliyoanza maisha yake ikiwa ya afisa wa kilimo au wa mifugo, ikauzwa kwa mnada, na leo inabeba nyasi, maziwa, mbolea na watoto wa shule. Hizo herufi AG zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo, na kweli iliundwa kwa kazi hiyo: keria mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa yote isiguswe na matope, na stendi za pembeni kushoto na kulia ili uiegeshe kwenye mteremko wowote. Mwenye nayo hawezi tu kuamka kesho na kununua mpya. Kwake swali si kama tustroki ni teknolojia ya kale. Swali ni kama kesho asubuhi itawaka.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi, kwa sababu hoja yangu yote imejengwa hapo. Fostroki inahitaji pistoni ipande mara mbili na kushuka mara mbili ndipo ilete nguvu mara moja. Juu ya kichwa chake kuna vali, kamshafti na vikorokoro vingine. Tustroki inamaliza kazi kwa kupanda mara moja na kushuka mara moja. Haina vali kichwani. Ina matundu tu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga inapopita. Vitu vikubwa vinavyosogea ni vitatu: pistoni, konrodi na krankshafti. Kwa lugha yetu, hii ni programu fupi sana. Unaweza kuisoma yote kwa jioni moja!

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauendi moja kwa moja juu ya pistoni. Huingia kwanza CHINI yake, ndani ya krankkesi. Pistoni inaposhuka huubana mchanganyiko huo na kuusukuma kupitia njia za pembeni hadi juu, ukachomwe. Kwa maneno mengine, krankkesi ya tustroki si sanduku tu la kubebea krankshafti. Ni pampu. Na pampu yoyote yenye tundu ni pampu mbovu.

Ncha mbili za krankshafti zinapotokea nje ya pampu hiyo, huzibwa kwa sili za mpira. Upande mmoja kuna sumaku ya kuzalisha umeme, upande wa pili kuna klachi na gia. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini huvuta oili ya gia na kuichoma. Utaona moshi mweupe mwingi na oili ya gia ikipungua bila kuvuja chini. Sili ya upande wa sumaku ikichoka, injini huvuta HEWA. Hewa hiyo haikupita kwenye kabureta, kwa hiyo haina petroli. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, moto unakuwa mkali kupita kiasi, na pistoni ya aluminiamu inavimba haraka kuliko silinda ya chuma inayoizunguka. Mwanya kati yao kwa injini za ukubwa huu ni takriban milimita 0.04 tu, mwembamba kuliko unywele wa kichwani mwako. Mwanya ukiisha, injini inashika. Gurudumu la nyuma nalo linagoma kuzunguka.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la pesa peke yake.

Mjomba wangu hubeba maziwa kwa AG100 kila asubuhi hadi kituo cha kukusanyia, lita 40 nyuma. Mara ya kwanza iliposhika, alipeleka kwa fundi akawekewa pistoni na ringi mpya. Ikatembea miezi miwili. Mara ya pili ilishikia kwenye mteremko, akiwa na mzigo wote. Ilimwokoa tu kwamba vidole vyake vilikuwa tayari juu ya klachi, akaibana, gurudumu likaachia. Akawekewa pistoni nyingine. Hiyo ilidumu wiki tatu. Safari ya tatu hakuipeleka tena kwa fundi, aliniletea mimi. Si kwa kuwa alidhani najua pikipiki, bali kwa kuwa pesa za pistoni zilikuwa zimekwisha.

Fikiria seva inayoanguka kila usiku, na kila asubuhi kuna mtu anakuja kuizima na kuiwasha. Kila akiiwasha inafanya kazi, analipwa, anakwenda. Je, huyo ametatua tatizo? Mimi na wewe tungemcheka. Lakini kwenye injini tunamlipa na kumshukuru.

Tofauti ni kwamba tunapochunguza seva tunaanza kwa kusoma kumbukumbu zake. Injini nayo ina kumbukumbu, na zimeandikwa kwenye pistoni ya zamani. Kabla hujaitupa, isome. Ikiwa imekwaruzwa katika sehemu nne kuzunguka, kama pembe nne za meza, ilivimba kuliko nafasi iliyopewa: pengine mwanya uliachwa mdogo mno, au mtu aliikimbiza kabla haijapata moto. Ikiwa imekwaruzwa upande wa ekzosi peke yake, shuku joto la kupindukia au oili isiyotosha. Ikiwa upande wa kuingizia hewa umelika na kuwa kama uliosuguliwa kwa msasa, vumbi limepita kwenye kichujio cha hewa, na katika barabara zetu za murram hilo si jambo la ajabu. Ikiwa imetoboka katikati ya paji, moto ulikuwa mkali mno au unawaka mapema mno.

Kwa bahati mjomba hatupi kitu. Pistoni zote mbili zilizokufa zilikuwa kwenye mkebe pamoja na misumari. Nikaziweka mezani pamoja na ya tatu. Zote tatu zimeungua upande wa ekzosi, mahali pale pale. Plagi ilikuwa nyeupe badala ya rangi ya kahawa. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: kwamba tangu kabla ya pistoni ya kwanza kufa, pikipiki ikisimama bila gia ilikuwa inapandisha mlio yenyewe, bila kuguswa. Fundi alikuwa amekaza skrubu ya kabureta ili mlio ushuke. Yaani injini ilitoa onyo, na onyo likanyamazishwa. (Wenzangu wa programu, najua mnatabasamu. Sote tumeiona kazi ya aina hiyo.)

Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha, na hapa nataka mtu asiogope kwamba anahitaji karakana ya kisasa. Ile mashine ya mkono ya kupimia presha ya damu, yenye puto la kubinya na saa ya mshale, inapima hadi milimita 300 za zebaki. Hiyo ni karibu psi 6, na ndiyo presha hasa inayotakiwa kupima uvujaji wa injini hizi. Usizidishe, utazing'oa sili zilizo nzima. Nilikata vipande vya mpira wa tyubu, nikaziba tundu la ekzosi na lile la kabureta kwa vibati na nati zake, nikaacha plagi mahali pake, nikashusha pistoni chini kabisa, nikajaza hewa. Injini nzima ingepaswa kushikilia presha hiyo dakika kadhaa. Hii mshale ulishuka huku nikiuangalia. Nikapaka maji ya sabuni kila mahali. Nyuma ya sumaku, povu.

Sili. Mpira mdogo uliokauka ukawa mgumu kama kwato. Bei yake haikaribii hata nusu ya pistoni moja, na ulikuwa umekwisha kula tatu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijawahi kuona methali ikithibitishwa kwa sabuni namna hii.

Baada ya hapo ndipo kazi ya ukarabati yenyewe ilipoanza, na nitaieleza kwa kifupi ili mwenye hamu aone kwamba si uchawi. Sumaku huvutwa kwa kifaa chake maalumu chenye uzi wa skrubu, haigongwi nyundo hata kidogo. Nilifungua krankkesi nikabadilisha sili zote mbili na beringi zote mbili kubwa, kwa sababu ukishafika huko ndani ni ujinga kuacha mpira wa zamani. Konrodi niliishika na kuivuta juu na chini: kama ingekuwa na mchezo wa namna hiyo, ningepeleka krankshafti kwa mwenye presi na geji ya kuinyoosha. Hiyo SI kazi ya nyumbani, na ni muhimu kujua pa kuishia. Kusogea kidogo kushoto na kulia ni kawaida, hakukutishi.

Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili, kwa sababu hulika ikawa kama yai, haiwi duara tena. Ikizidi kipimo hupanuliwa kwenye mashine, na pistoni za Yamaha za ukubwa wa ziada hupanda kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Sheria ni moja: nunua pistoni KWANZA, mpelekee mwenye mashine, achonge silinda kulingana na pistoni uliyo nayo mkononi, si kulingana na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Akimaliza, hakikisha kingo za matundu zimelainishwa, la sivyo zitanasa ringi na kuzivunja. Kisha osha silinda kwa maji moto na sabuni ya kufulia hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, halafu uipake oili hapo hapo kabla haijashika kutu. Petroli peke yake haiondoi unga wa jiwe la kusugulia.

Mshale ulio juu ya pistoni uelekee ekzosi. Miisho ya ringi ikae kwenye vipini vyake vidogo. Vile viklipu vinavyoshika pini ya pistoni visitumike mara mbili, na ziba mdomo wa krankkesi kwa kitambaa unapoviweka, maana vinapenda sana kuruka. Kisha rudia kipimo cha presha kabla hujaiwasha. Safari hii mshale ulisimama. Pampu ya oili itolewe hewa, na kilomita za mwanzo mpanda pikipiki asishikilie mwendo mmoja wala asibebe mzigo mzito.

Sasa turudi kwenye hoja. Je, yule fundi alikuwa mbaya? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Fundi wa kando ya barabara hulipwa kwa kipuri kilichowekwa. Mteja anasimama pembeni anamhimiza, siku bila pikipiki ni siku bila mapato. Fundi akisema "nipe siku moja nitafute sababu, na siku hiyo utailipia hata kama sitabadilisha kitu", mteja anahamia kwa fundi wa pili. Sisi wateja tumezoea kulipia kitu kinachoshikika mkononi. Pistoni inashikika. Kujua kwa nini pistoni ilikufa hakushikiki, kwa hiyo hatukulipii. Halafu tunashangaa.

Hata sisi waandishi wa programu tunakutana na hili. Mteja atalipia ukurasa mpya bila kunung'unika, lakini mwambie umetumia siku mbili kutafuta hitilafu iliyorekebishwa kwa mstari mmoja, aone kama umemwibia. Mstari mmoja hauna thamani. Thamani iko kwenye kujua ni mstari UPI.

Ndiyo maana nasema nyumbani kuna faida ambayo karakana haina. Si vifaa, wala si ujuzi. Ni muda usio na bei. Unaweza kuziacha pistoni tatu juu ya meza ukazitazama wiki nzima. Unaweza kumuuliza mwenye pikipiki maswali ishirini. Hakuna foleni nyuma yako.

Na usidhani kufungua na kupima ni kazi ya watu wadogo wasio na uwezo wa kubuni. Mfano mzuri ni DKW RT125 ya Ujerumani, tustroki ndogo ya kabla na wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Baada ya vita muundo wake ulichukuliwa na washindi. Uingereza ikatoa BSA Bantam mwaka 1948. Harley-Davidson ya Marekani ikatoa yake ya sentimita za ujazo 125, Warusi wakatoa yao. Na kule Japani, kampuni iliyokuwa ikitengeneza ala za muziki ikaufuata muundo huo huo, ikatoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, mwaka 1955. Kampuni hiyo ni Yamaha, na zile uma tatu kwenye nembo yake ni za kupimia sauti za muziki. Haikuishia kunakili. Kufikia mwaka 1964 ilikuwa imeleta Autolube, pampu inayopeleka oili yenyewe ili mtu asichanganye oili na petroli kwenye tangi. AG100 ya shambani kwenu ni mjukuu wa ukoo huo. Hivyo ndivyo programu huria inavyokua: unafungua kazi ya mwenzako, unaielewa, unaongeza chako.

Siwatetei moshi. Tustroki hupoteza sehemu ya petroli yake kupitia ekzosi kabla haijaungua, na oili inachomwa pamoja nayo. Si ajabu watengenezaji wameziacha, na mimi mwenyewe nisingemshauri mtu anunue mpya leo kwa kazi ya mjini. Lakini iliyopo tayari, inayolisha nyumba ya mtu, ni heri iwe nzima kuliko iwe mbovu. Na pikipiki za umeme zitakapofika kila kijiji, swali litabaki lile lile: ikizima njiani, je, mwenyewe ataweza kujua kwa nini, au ataambiwa tu "tutakubadilishia boksi lote"? Boksi lililofungwa kwa nywila halina tofauti na fundi asiyeeleza. Yote mawili yanakuacha na kitu kipya mkononi na ujinga ule ule kichwani.

Kwa hiyo, mwenye tustroki iliyoshika, ushauri wangu ni huu. Omba pistoni ya zamani, usimwachie fundi. Uliza imekufa kwa sababu gani kabla hujauliza mpya ni bei gani. Kama fundi wako anaweza kujibu na kukuonyesha, mlipe kwa jibu hilo, tena mlipe vizuri, maana huyo ni fundi kweli. Kama hawezi, una meza, una taa, una maji ya sabuni, na mashine ya kupima presha ya damu iko kwenye duka la dawa. Anza hapo.